Shimo Chini ya Kitanda cha Baba

Haya, nimesimama. Mlinambia nisimame, nimesimama, na magoti yangu mnayasikia wenyewe yanavyolalamika. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatwa.

Kwanza niseme, sitaji mtu hapa. Ndiyo kanuni ya chama chetu, na ni kanuni nzuri, kwa sababu nusu ya ninaotaka kuwasema wajukuu zao wamo humu ndani, wamekaa kwenye jamvi wananitolea macho. Sitataja. Mwishoni kabisa nitataja jina moja tu, na nikilitaja mtajua kwa nini.

Nimesimama kwa ajili ya huyu bibie wa kanga nyekundu, mgeni wetu. Kikao kilichopita alisema hapati usingizi mpaka azungukie milango yote, na mtoto akichelewa kisimani yeye roho inamtoka. Mkamcheka. Mie sikucheka, na mkaniuliza leo umemeza nini. Leo nawaambia nilichomeza.

Baba yangu alikuwa fundi wa kutia bati masufuria ya shaba. Nyie wa siku hizi mnapikia hizi sufuria nyepesi za dukani, hamjui. Zamani Waarabu na Wahindi walipikia shaba, na bati likichujuka ndani, shaba inaharibu chakula, watu wanaumwa. Basi aitwe fundi, aisugue kwa mchanga, aipashe moto, apitishe bati kwa pamba mpaka ndani ing'ae unajiona meno. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba. Alikuja enzi ya Mjerumani, kijana, kashuka melini hana ndugu hana mzigo. Akasilimu, akamuoa mama yangu, Mzaramo wa hapa hapa Temeke, na Temeke yenyewe wakati huo ni minazi na mihogo, jirani unamwita kwa mbinja.

Watu wakamuuliza, umetoka wapi, bwana? Akasema nchi ya Sultani wa Waturuki. Basi. Sie watu wa pwani tukishapata hapo hatuulizi tena. Akawa Mturuki. Nyumba ikawa ya Mturuki, kisima cha Mturuki, mbuzi wa Mturuki, na mie Binti Mturuki. Na nilivyokuwa naringa! Nikiruka kamba na wenzangu naimba, baba Mturuki, mie Mturuki, nyie watoto wa nani. Baba akisikia anaacha sufuria motoni, anaingia ndani, anafunga mlango. Mie nikadhani ana makuu, hataki jina lake lichezewe na watoto.

Sasa sikilizeni vituko. Chini ya kitanda chake alichimba shimo. Si shimo la taka, jamani. Shimo la mviringo kama tumbo la mtungi, la kumeza mtu mzima aliyejikunja, kuta kazipaka udongo na kuzilainisha kwa kiganja, juu kifuniko cha mbao. Mtaa mzima ukasema mle mna fedha za Mjerumani. Kuna vijana waliingia siku moja sie tuko shamba, wakafunua, wakakuta kifuko cha mikate mikavu, migumu kama vigae. Mpaka leo mmoja wao nikikutana naye namuuliza, vipi, ile mali ulishaitafuna?

Maana hiyo mikate nayo ilikuwa mtihani. Kila juma anakausha mikate juani, anatia kwenye vifuko, anatundika darini. Panya wa Temeke nzima walihamia kwetu. Na tulikuwa tunalala tumejifunga kanga kabisa, kama watu wanaosubiri safari. Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa ngoma. Hapa kwetu, mnajua, mtoto akizaliwa ngoma, akichezwa ngoma, akiolewa ngoma. Ngoma za beni zikipita, au askari wa keya wanapita na tarumbeta zao siku ya Kingi, mfalme wa Mwingereza, baba anatukusanya kama vifaranga, anavuta kitanda kando, anatusukuma shimoni mie na mama, anafunika, anakaa juu ya kifuniko. Mama yangu humo ndani, nasikia sauti yake mpaka leo, ananong'ona kwa hasira: "Bwana wee, ni harusi ya jirani. Wanaozesha. Pilau linapoa." Na baba huko juu kwa kile Kiswahili chake kisicho na kichwa wala miguu: "Ndani. Nje hapana. Nyamaza."

Mama alichoka, akazeeka, akafa, hakuambiwa kitu. Mie nikaapa, nikipata nyumba yangu sitaki shimo, sitaki mkate darini, nitacheza ngoma mpaka visigino vipasuke.

Nikaolewa. Na ndugu zangu, nawaambia, sikuchimba shimo. Ila mume wangu akichelewa kurudi, mie nimesimama mlangoni nimejifunga kanga, viatu miguuni. Ngoma ikilia mtaa wa pili, mikono inanitoka jasho. Nikaanza na mkate, kidogo tu, kwa ajili ya uji wa mtoto, nikajidai. Yule bwana alikuwa mpole, mvumilivu. Siku anaondoka alisimama pale uani akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba hivi, kama ya mtu aliyebanwa na mlango: "Mama fulani, nimeoa mwanamke, sikuoa askari wa zamu." Akaenda zake. Sikumlaumu. Nilimlaumu sana, nasema uongo, lakini sasa simlaumu.

Nikarudi kwa baba na binti yangu mkononi. Mmoja tu, sikujaliwa mwingine. Akakua. Akavunja ungo.

Hapo ndipo nilipoangukia, wenzangu, na nyie Wazaramo wenzangu mtanielewa upesi. Mwari wetu anawekwa ndani. Hatoki, haonwi, anakaa na kile kitoto chake cha mti cha mwana hiti, anafundishwa na somo wake, ngozi inang'aa, halafu anatolewa kwa ngoma, watu wanakula, anaolewa. Mwezi, miezi, wengine mwaka. Sasa mwambie mama mwenye hofu kama mie kwamba kuna mila inayomruhusu kumfungia mtoto ndani na watu wakamsifu. Ee! Niliipokea kwa mikono miwili. Mwaka wa kwanza watu wakasema, huyu ndiye mama, anajua kutunza. Mwaka wa pili wakasema, mwari gani huyu. Mwaka wa tatu wakaacha kusema, wakawa wananitazama tu.

Posa ilikuwa imeshaletwa. Kijana mzuri, mfanyakazi wa gatini, mikono kama makasia. Mshenga wao mzee mmoja wa maneno ya kuzunguka, anakuja anakaa, anakohoa, anasema mvua za mwaka huu, anasema bei ya nazi, anasema, "Na lile tunda letu, mama, halijaiva tu? Maana sie tumeshapanga kapu." Namwambia bado kidogo. Namwambia hirizi. Namwambia mafunzo. Anakwenda anarudi. Mara ya mwisho hakusema mvua wala nazi. Alisimama, hakukaa, akasema mfungo wa Ramadhani ukiingia kabla mwari hajatoka, kijana ataoa kwingine, na sie tusilaumiane.

Somo ndiye aliyenichosha kuliko wote. Mwanamke ana sauti ya kukwaruza kama kibuyu kinachokunwa. Kila akija ananisimamia mlangoni, mikono kiunoni. "Mambo yote nimemfundisha. Nimemfundisha mara mbili. Sasa ananifundisha mimi. Unataka nimfundishe nini tena, kuota mizizi?" Na mwanangu humo ndani anacheka. Alikuwa anacheka, mtoto yule, lakini alishaanza kuwa mweupe wa kivulini, rangi ya muhogo uliofichwa, na siku nyingine nikimpelekea chakula namkuta ameegemeza paji la uso ukutani, upande ule wa barabara, anasikiliza watu wanapita. Nikiona hivyo nakasirika. Simkasirikii yeye. Nakasirika tu, na sijui na nani.

Wakati huo huo baba akapigwa na kiharusi. Aliamka asubuhi mkono mmoja umelegea na Kiswahili kimetoka chote. Hana hata neno maji. Anasema maneno, mengi, haraka haraka, ya kwake mwenyewe. Nikamleta Mwarabu wa dukani, akasikiliza, akasema si Kiarabu hiki. Nikamleta Mhindi mwenye masufuria, akasikiliza, akatikisa kichwa vile wanavyotikisa, hujui kakubali au kakataa. Akaja Mbulushi, akanywa kahawa yangu, akaenda zake.

Basi wakasemaje wazazi wenu? Wakasema pepo. Ee, msiangalie chini, ni mama zenu na shangazi zenu. Mtu mzima anasema lugha haijulikani, atakuwa na nini kama si pepo, na pepo anataka ngoma yake ajitaje, aseme anatoka wapi na anataka kitu gani. Akaletwa fundi wa pepo, mama mmoja mnene, anazungumza na pepo kama anamkemea mpangaji: "Haya sema, umeshuka na nini, na Mhabeshi au na Mzungu, kaa kwenye kiti chako uongee vizuri." Baba anamtazama tu. Mie nilijua. Nawaambia nilijua kwamba ngoma si dawa ya mtu yule, maisha yangu yote nilikuwa najua. Lakini wote wamesema, na mie nimeshachoka, nikasema haya, pigeni.

Wakapiga. Hata haikufika pale inapokolea. Baba, ambaye tangu augue hainuki bila kushikwa, aliinuka. Mkono mmoja unaning'inia, ule mzima ndio wa kazi. Akaingia chumba cha mwari, ambako mwanamume haingii, akamshika mjukuu wake kanga ya kiunoni, akamburura mpaka kwenye kitanda chake, akakisukuma kando, akapiga kifuniko teke. Fundi wa pepo huku nyuma anashangilia kwamba pepo amepanda.

Na mie? Sikilizeni hapa. Mie nilikuwa nimeshafika. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nimeinama nimeshika kifuniko, namsukuma mwanangu kichwa kwa kiganja, nasema, "Ndani. Nje hapana. Nyamaza." Kwa sauti ya baba. Nimewaigizia watu maisha yangu yote, mnanijua, lakini siku ile sikuwa naigiza. Nikamfunika mwanangu kwa mkono wangu, nikakaa juu.

Somo akaingia. Akatuona, baba amejikunja kwenye kona, mie nimekaa kwenye kifuniko, sauti ya mwari inatoka chini kama ya mtu kisimani. Hakukwaruza siku ile. Akatoka akawaambia waache kupiga.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Kulikuwa na mama mmoja wa Kigiriki, mumewe ana tanuri la mikate mjini, na masufuria yake yalikuwa kwa baba wiki kadhaa hayajatiwa bati. Asubuhi ya pili akaja na gari, kakasirika, anaingia uani anachagua mahali pa kukanyaga, na kile Kiswahili chao cha jikoni: "Iko wapi mzee? Mimi nangoja sufuria, nangoja, nangoja, mimi nazeeka." Baba yuko barazani anaongea peke yake. Yule mama akasogea barazani. Akaweka mkoba wake chini, kwenye vumbi, mkoba mzuri ule. Akamwambia neno. Baba akageuza uso, akatema mate. Akamwambia neno jingine, kwa lugha nyingine, pole pole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Baba akaanza kulia. Nilikuwa sijamwona baba yangu akilia, hata mama alipokufa.

Walikaa pale mpaka jua likahama. Mie nachungulia, somo anachungulia. Kisha yule mama akanigeukia. Uso wake wote ulikuwa umelowa, na hasira ile ile. "Nani anasema huyu Mturuki?"

Nikasema kila mtu.

"Huyu hapana Mturuki. Huyu Muarmeni. Mturuki naua watu yake. Mama yake. Baba. Yote. Na nyinyi naita yeye Mturuki?"

Kaeni na hilo kidogo, kama nilivyokaa mie. Yule mama naye alizaliwa huko huko, katika mji wa bahari uliokuja kuchomwa, akakimbia kwa mashua, ndiyo maana lugha ya Waturuki anaijua vizuri, na ya Waarmeni, waliokuwa majirani zao, anajua ya kuombea chumvi. Kwa hizo mbili akamfungua baba. Na alichonieleza kwa Kiswahili kile cha kuvunjikavunjika ndicho hiki.

Kwao mkate unaokwa shimoni. Tanuri lao ni shimo la mviringo sakafuni, ndani ya nyumba, kuta za udongo. Walipokuja kuua watu, walikuja na ngoma na zumari. Mama yake alimtia baba shimoni, kijana wa umri wa balehe, na dada yake, na mikate ile iliyokuwa imeokwa, akafunika, akakaa juu kama mtu anayepumzika. Wauaji wakamtoa mama hapo juu, hawakufunua. Wawili mle ndani wakasikia. Yule dada, umri wa mwari wangu, akashindwa kukaa, akasukuma kifuniko akamfuata mama yake. Baba alimshika nguo. Ikachanika. Yeye akabaki na mikate na kipande cha nguo mpaka ngoma zilipokwisha.

Mnaona sasa. Miaka yote hiyo. Mie nilikuwa na hasira, ndugu zangu, nisiseme uongo mbele yenu. Watu wanatazamia niseme nilimkumbatia baba. Nilitaka kumtikisa. Ulimi ulikuwa nao, mzee wangu, Kiswahili cha kuuza bati ulikijua, ulishindwa kusema neno moja mama akaelewa? Umenipa pua yako, umenipa na shimo, na jina hukunipa? Na nikajikasirikia mie na wimbo wangu wa kamba, na nikaukasirikia mtaa, na nikamkasirikia yule Mgiriki kwa kuja na gari kunieleza baba yangu mimi ni nani. Nilizunguka uani nikisema peke yangu kama mwehu. Nikasema, basi ndiyo maana, ndiyo maana mtoto hatakiwi kutoka, aliyetoka alikufa na aliyekaa akapona, mnaona nilikuwa sawa.

Somo alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akaniacha nikamaliza. Akasema, "Aliyekaa naye si alitoka?"

Nikamuuliza, unasema nini?

"Baba yako. Alitoka shimoni, akaja mpaka Temeke, akakuzaa wewe. Mama yake alimficha ili atoke. Huyu wako atatoka lini?"

Nikaacha kuzunguka uani. Mwulizeni, yuko hai, ataapa kwamba ndiyo mara pekee aliyonishinda kwa maneno.

Nikaenda mlango wa mwari. Mkono kwenye komeo, na mkono unakataa. Nawaambieni, bibie wa kanga nyekundu nisikilize, kujua hakukunitoa hofu. Nimeshajua yote, na bado mkono unakataa. Niliufungua ule mlango na hofu yangu, na kila siku baada ya hapo niliufungua tena na hofu ile ile.

Tukamtoa kabla ya mfungo. Bila ngoma. Mwari wa Kizaramo bila ngoma, mmesikia wapi. Tuliimba kwa sauti ya chini, nyayo na viganja tu, kwa ajili ya yule mzee barazani, na mtaa ukasema tunamtoa mwari kama tunazika. Acha waseme. Mwanangu akatoka na mafuta yake na shanga zake, macho kayafinya kwa jua, hajui kutembea barabarani, anainua miguu kama anavuka mto. Alipopita mbele ya babu yake, baba akamshika. Nikasema hapa hapa anambururia ndani. Akaingiza mkono nyuma ya kiti, akatoa kifuko cha mikate mikavu, akamtia mkononi, akauachia mkono. Wakwe wakatazamana. Bibi mkwe akauliza, kwani wanadhani kwetu hakuna chakula? Mwanangu akakipokea kile kifuko kwa mikono miwili, akaenda nacho kwa mumewe.

Shimo alilifukia mkwe wangu. Baba hakuzuia. Alikaa anatazama udongo unaingia.

Akaishi mpaka mwaka uliofuata. Alipofariki, nyie mnajua taratibu zetu, sie wanawake makaburini hatuendi. Na kule kaburini, maiti akishafukiwa, mwalimu anamsomea talkini, anamwita kwa jina la mama yake. Asiyejulikana mama yake anaitwa mwana wa Hawa, basi, kama yatima wa ulimwengu. Nami sina kaka, sina mtoto wa kiume, sina ami. Kama mwari wangu angekuwa bado ndani, nani angebeba lile neno kulipeleka? Nilimwita mkwe wangu, jeneza limeshainuliwa, nikalisema sikioni mwake, nikamrudishia mpaka akalishika. Yule Mgiriki alikuwa amenipatia kutoka kinywani mwa baba mwenyewe. Mwalimu alipouliza, nasikia wazee wakaanza kusema mwana wa Hawa, mkwe wangu akasema hapana, anaye mama. Mwalimu hakuuliza jina la dini gani. Akasema mama ni mama.

Namshukuru mwalimu huyo. Namshukuru yule Mgiriki na hasira zake. Namshukuru mkwe wangu, na mume wangu aliyeondoka, maana alisema kweli. Somo simshukuru, atavimba kichwa, yuko pale nyuma anajifanya anasinzia. Na nyie wa chama mliokuja kunipikia siku ya msiba bila kuniuliza mikate ile darini ni ya nini.

Bibie, mwenzangu, ukiamka kuzungukia milango, kazungukie. Lakini kaulize kwenu, wazee wangali hai, hofu hii ni ya nani. Uliza vibaya, uliza kwa hasira, wakikufukuza rudi. Mie mpaka leo ngoma ikilia jasho linanitoka, na mjukuu wangu anakwenda kucheza, nami namfungulia mlango namtukana mpaka anapotelea njiani.

Yule aliyekaa juu ya kifuniko aliitwa Zaruhi. Baba yangu alikuwa mwana wa Zaruhi. Haya, nisaidieni kukaa.